Milimita Kumi na Mbili

4 Februari

Mdogo wangu,

Dereva wa lori la maji amesema atapita huko kwenu kesho kutwa, naye ameshawasha gari, kwa hiyo mwandiko huu usiucheke. Sisi ni wazima, kwa maana ya kwamba hakuna aliyelala kitandani. Mama anakusalimia. Watoto wote wanne wana kikohozi cha vumbi. Shemeji yako yuko mtoni. Nikisema mtoni nina maana kwenye mchanga, anachimba. Jana aliingia shimoni mpaka kifuani ndipo akapata ndoo mbili za maji meusi kama chai ya jana.

Mvua ya mwisho huku ilinyesha mwishoni mwa Oktoba. Naikumbuka kwa sababu nilitoka mbio kuanua nguo. Siku hizi nguo nikianika asubuhi zinakauka kabla sijamaliza kuanika.

Ninachotaka ni hiki. Tumebaki na madebe mawili ya mahindi, nayo ni mbegu. Shemeji yako anasema tule. Mama anasema anayekula mbegu amemla mtoto wa mwakani. Wamenitupia mimi niamue. Nikipanda mvua isipokuja, nimezika chakula cha watoto. Tukila mvua ikaja, tutaitazama ikinyesha na mikono mitupu.

Wewe umetuambia uko idara ya hali ya hewa. Na tangu utoto wetu mvua ya huku hutokea upande huo wenu: ikishanyesha huko, siku ya nne iko kwetu. Niulizie, bila mzaha: ukame huu utaendelea?

Dada yako


9 Februari

Dada yangu, kichwa cha familia, mwenye mkono mwepesi wa kofi na mwepesi zaidi wa chakula,

Barua yako imenikuta ofisini, nimeisoma nimekaa kwenye kiti kinachozunguka. Nimezunguka mara mbili nikitafakari.

Umeuliza kwa mwenyewe. Mimi hewa naijua kama ninavyoijua mifuko ya suruali yangu. Nilipokuwa melini tulikutana na dhoruba ambayo nahodha mwenyewe alishuka jikoni kuniuliza, "Unaonaje?" Nikamwambia, "Itapita." Ikapita! Nimelala nchi ambayo mvua inashuka imeganda, unaikung'uta begani kama unga. Kwa hiyo suala la mvua kunyesha au kutonyesha, usijali, liko kwenye familia.

Hapa kituoni tuna kila kitu. Kuna jogoo wa bati anayeonyesha upepo unakotoka. Kuna kisanduku cheupe chenye miguu kama mbuzi, ndani mna vipimajoto. Na katikati ya uwanja umesimama mkebe wa mvua, wa shaba. Kila siku saa tatu kamili asubuhi mpimaji anaufungua, anatazama, anaandika kwenye daftari. Huyo mpimaji ni mwenzangu, kazi ndogo ndogo kama hizo namwachia yeye. Leo ni siku ya mia na kumi anaandika sufuri. Sufuri zimepangana ukurasa mzima kama mayai.

Swali lako nimemfikishia. Akakuna kidevu. Nami nikakuna. Mtaalamu akikuna kidevu, dada, ujue hajui, ila hajui kwa elimu.

Kwa hiyo msile na msipande. Tone la kwanza likianguka kwenye mkebe wetu, utajua wewe kabla ya waziri. Mwambie mama nimenenepa.

Mdogo wako,
Jicho la Anga


17 Februari

Mdogo wangu,

Dereva anasema alikukuta umeshika ufagio. Nimemwambia labda ni chombo cha kupimia upepo.

Sikucheki. Kazi ni kazi. Ila mama nimemwambia una ofisi, na kiti chako nikakizungusha mbele yake mara tatu badala ya mbili. Alifurahi.

Ng'ombe wetu wa mwisho hawezi tena kuinuka mwenyewe. Asubuhi tunampitishia miti miwili chini ya tumbo, mimi na mume wangu huku, watoto kule, tunamsimamisha. Anasimama kama meza. Jioni anaanguka tena. Tunakula mara moja kwa siku, na hiyo mara moja tunaichelewesha kwa makusudi ili isiishe mapema. Jana mume wangu alikaa amelitazama debe la mbegu jioni nzima kama mtu anayeangalia moto.

"Msile na msipande" si jibu. Hilo hata mbuzi wangeniambia. Nipe neno moja: panda, au kula.

Dada yako


23 Februari

DADA! IMENYESHA!

Acha ulichoshika, kaa chini, halafu simama tena! Jana saa tatu mpimaji ameufungua mkebe, akapiga kelele kama mtu aliyekanyaga nyoka. Milimita kumi na mbili! Siku mia na ishirini na tatu tangu tone la mwisho, halafu kumi na mbili kwa mpigo! Akaniita, nikaja mbio, nikayaona maji kwa macho yangu haya mawili ambayo yameona bahari tano.

"Ilinyesha saa ngapi?" akaniuliza.

"Saa nane na dakika kumi, bwana mkubwa," nikamjibu pale pale. "Kutoka mashariki."

Maana usiku huwa niko hapa hapa kituoni, nasimamia usalama wa vyombo. Ilikuja taratibu, dada, kama mgeni mwenye adabu. Ikagonga bati, ta, ta, ta, ikaingia. Na ardhi ilivyokuwa na kiu ikainywa yote, kulipokucha hapakuwa hata na kidimbwi cha kunawia kuku. Harufu yake sikuelezi.

Na imekuja siku nzuri, kituo kinang'aa. Mkaguzi kutoka makao makuu tunamtarajia wiki ijayo, kwa hiyo siku nzima ya juzi nilikuwa nasugua na kuosha vyombo vyote. Vumbi la miezi minne si mchezo. Jogoo wa bati sasa unaweza kujitazama ukanyoa ndevu.

Ulitaka neno moja. Nakupa: PANDA. Panda yote! Siku ya nne iko kwenu, ulisema mwenyewe. Barua hii ikichelewa basi fukuzana na mvua, usiingoje.

Huo ufagio nilimshikia mtu.

Mdogo wako,
Baba wa Mvua


3 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako ilifika tarehe ishirini na sita jioni. Niliisoma kwa sauti mlangoni, na majirani wakaja kusikiliza. Nilipofika kwenye ta, ta, ta, mama aliniambia nirudie.

Tumepanda. Siku mbili, sisi saba. Tulitumia ile kamba ya baba yenye mafundo, kila fundo shimo, kila shimo punje tatu. Jembe likigonga chini linatoa mlio kama linagonga chungu. Mume wangu alichimba, na punje ya mwisho alipoifukia alikaa juu ya debe tupu, akaliangalia jembe lake.

Majirani hawajapanda. Fundi baiskeli alisimama pembeni mikono mfukoni. "Mimi nasubiri nione zako zikiota," akasema. Mama Pacha naye hivyo hivyo. Nyumba zote za mlima huu zina mbegu ndani, na zote zinaangalia shamba langu.

Siku ya nne ilipita, na ya tano pia. Leo tunamaliza ya tisa tangu hiyo mvua yenu. Jumapili mawingu yalikuja, yakatupita kama watu tuliowahi kugombana nao. Labda ile hesabu ya siku nne ilikuwa ya utotoni, siku zilikuwa ndefu zaidi.

Ng'ombe alikataa miti juzi, hakusimama tena.

Niambie tu kama imenyesha tena huko.

Dada yako


6 Machi

Dada,

Kama hujapanda, usipande. Nimeanza na hilo kabla ya salamu, dereva akiimwagia barua mafuta angalau mstari wa kwanza usomeke.

Haikunyesha. Sasa nikueleze, na nitajitahidi kueleza kama mtu mzima.

Mimi hapa ni mfagiaji, na usiku ni mlinzi. Kiti kinachozunguka ni cha mpimaji, nakikalia akienda kula. Hilo ulilijua, umeninyamazia kwa heshima. Ambalo hujui ni hili. Ule mkebe wa mvua juu ni kama bakuli lenye tundu katikati. Nilipokuwa naosha vyombo kwa ajili ya mkaguzi, niliukuta una vumbi na mbawakavu wawili waliokufa. Nikaumiminia maji. Yakashuka tunduni. Mimi nikajua yanapita mpaka chini ardhini, kama bomba la bafuni. Bahari tano nimevuka, dada, sikujua kwamba chini ya lile bakuli, ndani kwa ndani, kuna chupa. Chupa ndiyo inayopokea mvua. Ikapokea maji yangu ya kuoshea.

Asubuhi yake mpimaji akayapima. Na aliponiuliza ilinyesha saa ngapi, ningemjibu nini? Nilikuwa nimelala! Mlinzi usiku kucha nimelala fofofo. Nikisema sikuisikia, kazi imekwenda. Maji nayaona kwenye kipimo, yapo, basi si imenyesha? Nikatoa saa, nikatoa dakika, nikatoa na mashariki. Na nakuapia, dada, nilivyokuandikia ile ta, ta, ta, nilikuwa naisikia kabisa. Niliamini mwenyewe. Huo ndio ubaya wa mdomo wangu, una masikio yake.

Juzi mkaguzi amekuja. Kabla hajafika nikaosha mkebe tena, mbele ya mpimaji, kujionyesha. Nikamimina. Mpimaji akanitazama. "Unafanya nini?" "Nausafisha, bwana mkubwa." "Ndivyo unavyousafisha siku zote?" "Tangu juzijuzi tu." Akainua lile bakuli taratibu, akaitoa chupa, akaishika juu kwenye jua. Hakunitukana. Alikaa chini kwenye majani makavu na chupa mkononi.

Kumbe lipo kubwa zaidi. Chakula cha msaada hupelekwa huko kwenu kituo chetu kikifikisha siku mia na thelathini bila mvua. Zilikuwa zimebaki saba. Kopo langu la maji limewafuta kwenye orodha.

Mpimaji akasema tunaweza kunyamaza, aliyetia sahihi ni yeye. Nilinyamaza mpaka chai. Halafu nikaenda nikamwambia mkaguzi mwenyewe, neno kwa neno, pamoja na usingizi. Kufuli ya stoo nilikokuwa nalala wameshaibadilisha.

Kama umeshapanda, sijui niseme nini. Na mimi, unanijua, huwa na la kusema.

Mdogo wako


15 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako nilikwenda kuisoma nyuma ya nyumba. Nikaisoma tena. Nikarudi ndani nikawasomea wote, maana ile ya mvua niliwasomea wote.

Mama alicheka. Wallahi alicheka, nilipofika kwenye mbawakavu, akacheka mpaka akakohoa, tukampa maji ambayo hatuna. Akasema wewe hata tumboni ulikuwa unapiga mateke usiku halafu mchana unajifanya umelala. Mume wangu hakucheka. Alichukua jembe akatoka. Nikajua amekwenda kulivunja, au anahama.

Nikamfuata. Nikamkuta shambani amepiga magoti, amefunga kamba ya baba palepale tulipoifunga. Anafukua. Akaniwekea kiganjani punje tatu, kavu, safi, kama zimetoka debeni. Ardhi yetu imekauka hivi kwamba haikuziotesha wala haikuziozesha. Imezitunza kuliko mimi. Wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Sawa, ila sisi tulichomwaga si maji.

Basi tumezizoa. Siku nne, fundo kwa fundo, kwa vidole, maana jembe linazipasua. Watoto wanashindana. Mama alikuwa anapepeta mchanga. Mashimo mengine mchwa wametangulia, mengine panya, mengine tunakuta maganda matupu. Tulizika madebe mawili, tumefukua moja na vibaba vichache. Fundi baiskeli alisimama pembeni vile vile, mikono mfukoni. "Sijawahi kuona watu wanavuna kabla ya kuota," akasema. Halafu akavua shati, akaingia mstari wa mwisho, akasaidia mpaka jua likazama.

Hasira nilikuwa nayo siku mbili. Ya tatu nikachoka, hasira nayo inataka chakula.

Kwa mkaguzi ulifanya vizuri. Unalala wapi?

Sasa narudi pale pale nilipoanza mwezi wa pili, ila na debe moja. Mlima mzima unaniangalia. Usinifurahishe. Usinihurumie. Waulize wanaojua, halafu uniandikie walivyosema wao, si unavyosikia wewe.

Dada yako


20 Machi

Dada,

Nalala ghalani, juu ya magunia matupu, ni laini kuliko stoo. Mchana napakia mizigo. Mgongo unalalamika lakini mgongo hauna chama.

Barua yako niliipeleka kwa mpimaji. Nilidhani atanifukuza. Alinifungulia mlango, akasoma, akasoma tena pale kwenye punje tatu. Halafu akashusha madaftari yote ya kituo, ya miaka thelathini na minne, tukakaa chini mimi na yeye. Mimi nasoma tarehe, yeye anaandika. Nilikuwa natafuta miaka iliyokauka kama huu, kuanzia Oktoba mpaka mwezi huu.

Iko sita. Katika hiyo sita, mitano haikunyesha mpaka Oktoba nyingine. Mmoja ilinyesha mwishoni mwa Machi, ikanyesha vizuri, wakavuna.

Nikamuuliza, "Na huu je?" Akasema hakuna anayejua mwaka mmoja, anajua mitano kwa mmoja. Akasema upepo bado unatoka upande mbaya, na yeye kama angekuwa na watoto asingepanda.

Dada, mimi wa zamani ningekuandikia ule mwaka mmoja. Ningekuandikia na rangi ya mawingu yake.

Kuleni. Kuleni mbegu. Nimeandika mwenyewe kwa mkono wangu, na kama mvua ikija wiki ijayo, mtu wa kulaumiwa mumjue: ni mimi, si wewe. Usibebe tena peke yako.

Sababu ya pili: hesabu ya siku imerudishwa. Ile kumi na mbili imepigwa mstari mwekundu, na juu yake sufuri. Mko kwenye orodha. Malori yataondoka hapa wiki ya kwanza ya Aprili, nayajua kwa sababu nayapakia mimi. Debe moja mkibana litawafikisha.

Na mbegu ya Oktoba ni juu yangu. Nimemwomba mwenye ghala asinilipe hela, anilipe mahindi ya mbegu. Mpaka Aprili nitakuwa na madebe matatu. Nitakuja nayo juu ya lori, nimeyakalia.

Mdogo wako


29 Machi

Mdogo wangu,

Haijanyesha.

Barua nilimpa mama aishike, ingawa hasomi. Nikamwambia ulivyosema, mitano kwa mmoja. Akauliza, "Kasema yeye au kasema yule wa vipimo?" Nikamwambia wote wawili, safari hii. Halafu akanyoosha mkono, akasema nilete debe. Yeye mwenyewe, aliyesema ni kumla mtoto wa mwakani, alipima kibaba cha kwanza. Mume wangu akaweka kuni.

Tulisaga saa sita mchana, mlango wazi. Jiwe la kusagia halijui siri, na sikutaka kujificha. Fundi baiskeli akaja kusimama mlangoni.

"Mnasaga nini?"

"Mbegu."

"Ndugu yako kasema?"

"Kasema mvua si ya kutegemea. Kasema tule."

Akaangalia unga. Akaondoka bila kuaga, na mimi nikajua ametuona hatuna akili. Sijamaliza kibaba cha pili, nikasikia jiwe la kwake. Baadaye la Mama Pacha. Mpaka jioni mlima wote ulikuwa unasaga, nyumba hii na ile, watoto wao wamekaa nje wanangoja. Kumbe kila mtu alikuwa na njaa na debe lake, anamsubiri mwenzake aanze.

Tumekula. Hakuna aliyesema ni tamu au si tamu. Mume wangu alilala mapema, amelala mpaka asubuhi.

Habari za madebe yako matatu zimeenea. Nilitaka kuwaambia ni yetu, mama akanikatiza mbele yao, akasema tutagawana kwa vikombe. Kwa hiyo ukikuta watu wengi barabarani, usipande juu ya gunia kuhutubia. Shusha mzigo kwanza.

Dada yako